Kinachochomoza pembeni siyo talasi

Juzi barazani Kibokoni kijana alirudi kutoka mpirani akichechemea, akashika kile kivimbe cha nje ya mguu, akasema, "Talasi yangu imeumia." Wenzake wakaitikia. Nimelisikia hilo mara nyingi sasa, na kila mara kidole kinaelekezwa pasipo.

Talasi ni mfupa uliokaa baina ya muundi na mfupa wa kisigino. Ukisimama, uzito wako hupitia hapo, ilhali hakuna msuli hata mmoja ulioshikana nao. Hiyo ndiyo maana yake.

Kile kivimbe ni jicho la mguu. La ndani ni ncha ya muundi, la nje ni ncha ya ule mfupa mwembamba unaoandamana nao. Ncha hizo mbili zimeibana talasi katikati, yenyewe haionekani. Na kifundo si mfupa kabisa: ni kiungo, fundo kama la kamba.

Naona mkanganyo umo kwenye majina tangu kale. Katika aya ya udhu, sura ya Al-Maida, miguu huoshwa mpaka kaabaini, yaani kaabu mbili, nasi tukafasiri "vifundoni". Wanazuoni wengi wanasema ni yale macho mawili ya pembeni. Lakini Waarabu waliita kaabu pia kile kijifupa cha mguu wa kondoo kilichorushwa kama dadu, na hicho ndicho talasi. Neno moja, mifupa miwili! Wagiriki nao walikichezea wakakiita astragalos, Warumi wakakiita talus. Kwa hivyo anayeniambia astragalasi ni ya wanyama na talasi ni ya watu amekosea: mfupa ni ule ule, ila wachunguzi wa wanyama wameshikilia Kigiriki na madaktari Kilatini.

Hao wa wanyama wana sababu ya kuupenda. Kwa mbuzi, ng'ombe na kiboko una umbo la kapi juu na chini, hivyo mguu hukunjika mbele na nyuma bila kupinda kando. Mwaka 2001 yalitangazwa mabaki kutoka Pakistan ya nyangumi wa kale wenye miguu, na talasi zao zilikuwa na makapi hayo hayo mawili. Basi nyangumi wanaopita pwani yetu ni jamaa wa mbuzi, na jamaa wa karibu zaidi wa kiboko (na tulikuwa Kibokoni, lakini hakuna aliyecheka). Kwa kuku usiutafute peke yake, umeungana na muundi.

Mwanangu, ukiteguka sema kifundo kimeteguka. Mara nyingi zilizoumia ni kano za upande wa nje. Talasi itafute kwenye mguu mzima: weka kidole mbele kidogo ya jicho la nje, nyoosha wayo chini na uugeuzie ndani. Kigumu kitakachosukuma kidole chako ndicho chenyewe.