Resho ya difu kwenye gari ya zamani: yanayosemwa na yalivyo kweli

"Weka difu ya namba kubwa, gari ikimbie." Hii utaisikia popote penye gari ya zamani na watu watatu wameizunguka, na iko kinyume kabisa. Difu ni ile seti ya gia kati ya tairi za nyuma, na resho yake ni meno ya kraunwili (gia kubwa ya duara) ukigawa kwa meno ya pinioni (gia ndogo inayoizungusha), basi. Kraunwili ikiwa na meno 37 na pinioni 9 unapata 4.11, yaani propela, ule mhimili unaotoka giaboksi kwenda difu, inazunguka mara nne na ushee ndo tairi izunguke mara moja. Namba ikipanda gari inavuta vizuri ila injini inapiga raundi nyingi kwa spidi ileile, namba ikishuka injini inapumua. Chukua tairi ambayo mzunguko wake mmoja ni mita 2, gia ya juu iwe moja kwa moja, propela ikizunguka sawa na injini: ukiwa kilomita 100 kwa saa difu ya 4.11 inaipigisha injini raundi kama 3,425 kwa dakika, ya 3.55 kama 2,960. Hiyo tofauti masikio yanaipata kabla ya geji.

Sasa mtu akishaelewa hapo anarukia upande wa pili, kwamba namba ikiwa ndogo basi spidi ya mwisho lazima ipande na mafuta lazima yapungue. Hapa ndo wengi wanaharibu gari nzuri. Spidi ya mwisho inatokana na nguvu ya injini ikipambana na upepo, na kama injini yako kwenye gia ya juu tayari haifiki raundi zile inapotoa nguvu yake yote, ukiipa namba ndogo zaidi unaizidishia udhaifu na gari inaweza kukimbia chini ya mwanzo.

Tuchukue Ford Model A, ile ya 1928 mpaka 1931, maana namba zake zinajulikana. Injini yake inatoa nguvu farasi 40 kwenye raundi 2,200, difu ya kawaida ni 3.78, meno 34 kwa 9. Ukiwa na tairi ya rimu 19 uko kilomita 80 kwa saa injini iko kwenye raundi 2,200 hivi, na beringi za humo ndani ni za ile metali laini ya kumiminwa, kwahiyo namuelewa sana mwenye kutaka kuipunguzia kelele, na wengi wanaweka 3.54. Kwenye barabara tambarare inasaidia kweli. Ila giaboksi ina gia tatu tu na ya pili ni 1.85, kati yake na ya tatu kuna shimo kubwa! Difu ya 3.54 inakata mvuto wa kila gia kwa asilimia 6 hivi, ukishuka mpaka 3.27 ni kama asilimia 13, na ule mlima uliokuwa unaupanda na gia ya tatu sasa unakudai ya pili, na kwenye ya pili kufika kilomita 45 tu injini imeshapiga raundi zilezile 2,200 ulizokuwa unazikimbia, mguu uko chini, mafuta yanaenda, nyuma yako kuna foleni. Mtu wa nchi ya milima asimuige mtu wa tambarare hata kama gari zao ni pacha. Na breki za Model A ni za vyuma tupu, hazina haidroliki, na hizo hazibadiliki ukibadili difu, wakati injini nayo kwenye mteremko inakushikia pungufu ya mwanzo. Hili halisemwi vya kutosha.

Wengine wanashangaa mbona viwandani hawakuweka 4.00 kavu, wanadhani 4.11 au 3.73 ni hesabu imekosewa. Ni makusudi. Meno 40 kwa 10 kila jino la pinioni litakutana na meno yaleyale manne maisha yake yote, kama lina kasoro linayala hayohayo. 41 kwa 11 kila jino linapita kwa kila jino la mwenzake, uchakavu unasambaa.

Kununua kraunwili peke yake ukabakiza pinioni ya zamani, usifanye. Zimesagwa pamoja, zinabadilishwa pamoja, na fundi lazima apange kina cha pinioni na mwanya wa meno kisha apake rangi aone meno yanagusana wapi, akikwambia hakuna haja ya rangi tafuta mwingine. Na difu nyingine haikubali kila resho, Dana 44 kwa mfano, ambayo ni aina ya ekseli, ina kasha (linalobeba kraunwili) moja la 3.73 kushuka chini na lingine la 3.92 kwenda juu.

Kujua uliyonayo usiamini maneno ya aliyekuuzia. Weka gari nyutro, tairi moja ya nyuma iwe chini imezuiwa vizuri, nyingine ipandishe juu ya stendi, piga chaki kwenye propela halafu zungusha ile ya juu mara MBILI ukihesabu propela. Watu wanazungusha mara moja wanapata mbili na kitu wanachanganyikiwa, ni kwasababu difu imegawa nusu. Kama difu ni ya kufunga, yaani inayolazimisha tairi zote mbili kuzunguka pamoja, inua zote mbili uzizungushe pamoja mara moja.

Tairi nayo ni sehemu ya resho, ikikua kwa asilimia 5 difu ya 4.11 inafanya kazi kama 3.91, kwahiyo pima tairi kwanza, labda huhitaji kufungua kitu. Spidomita inayochukua mwendo kwenye giaboksi itakudanganya pia: umetoka 4.11 kwenda 3.55, inasoma 80 na wewe uko 93.

Kama gari yako inapokea ovadraivu, ile gia ya ziada ya kupunguza raundi za injini, mimi ningeanza na hiyo, difu ibaki ya kupanda mlima na barabara ndefu ikija unabonyeza.

Ukishafunga meno mapya usiingie nayo safari siku hiyohiyo. Endesha taratibu dakika 15 au 20, iache ipoe kabisa, rudia mara kadhaa bila mzigo, na ikifika kilomita 800 hivi mwaga oili yote weka mpya.