Ajali kazini: maana yake kwenye ujenzi wa nyumba

Ajali kazini ni tukio la ghafla linalomuumiza au kumuua mtu, likitokana na kazi yake na kumkuta akiwa kwenye kazi hiyo. Fundi akidondoka kutoka kwenye jukwaa la mirunda huku anapanga tofali juu ya lenta (mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha), hiyo ni ajali kazini. Kuta za shimo la choo zikimporomokea mchimbaji, ni hiyo hiyo. Nani alizembea ni swali jingine, na jibu lake haliondoi ukweli kwamba mtu ameumia akiwa kazini.

Nalisisitiza hili kwa sababu kwenye nyumba za watu binafsi ajali nyingi huishia kuitwa bahati mbaya. Mwenye nyumba kampa fundi kazi kwa leba chaji, yaani anamlipa ufundi tu na vifaa ananunua mwenyewe, fundi naye kachukua vibarua kijiweni asubuhi wa kulipwa jioni. Saidia fundi akivunjika mguu, kila mmoja anasema si mtu wangu. Watu wanachanga, anapelekwa hospitali, na kesho yake ndoo ya zege inabebwa na mwingine.

Tanzania Bara ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ulianza kazi mwaka 2015. Anayechangia ni mwajiri, wala haruhusiwi kumkata mfanyakazi mshahara kwa ajili hiyo. Lakini mfuko hupokea michango kupitia mwajiri, na saiti nyingi za mtaani hakuna anayekubali kuwa mwajiri. Kwa hiyo kabla jembe la kwanza halijagusa msingi, iandikwe kwenye karatasi nani ameajiri nani, na nani atamtibu atakayeumia.

Tukio likiwa la ghafla ni rahisi kulitambua. Saruji mbichi huumiza kimyakimya. Ina ukali mkubwa wa alkali. Zege likiingia ndani ya gambuti, mtu anaweza kufanya kazi kwa saa nyingi bila kuhisi kitu, akivua jioni anakuta ngozi imebabuka. Hilo pia ni jeraha la kazini, hata kama hakuna aliyepiga kelele. Madhara yanayojijenga kwa miaka, kama mapafu kuharibiwa na vumbi la kukata mawe na zege, huitwa ugonjwa utokanao na kazi, nao unaingia kwenye fidia.

Kuhusu mashimo, watu hudharau udongo. Meta moja ya ujazo ina uzito wa takriban tani moja na nusu. Aliyefukiwa hadi kifuani anaweza kukosa pumzi ingawa kichwa kiko nje, kwa kuwa mbavu hazipati nafasi ya kutanuka. Udongo uliochimbwa usirundikwe ukingoni, na shimo linalofika kifuani au zaidi lisiingiwe kabla kuta zake hazijaegemezwa mbao, hasa mvua ikiwa imenyesha usiku.