Sura Mnaijua, Mfuko Hamuujui

"Staa hawezi kukosa hela."

Hii ndiyo dhana kongwe kuliko zote kuhusu waigizaji. Watu wanapiga hesabu kwa macho: filamu imeonwa mtaa mzima, basi mwenye sura anazo. Enzi za DVD, mtayarishaji wa Bongo Movie mara nyingi aliuza kazi yake jumla kwa msambazaji, haki zote humo humo. Mwigizaji alikuwa ameshapokea chake lokesheni, pengine kwa jina la "nauli". Ziuzwe nakala mia au laki, chake ni kile kile.

Na runinga ikirudia filamu mara ya ishirini, halipwi? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwigizaji, lakini akishasaini karatasi inayosema amelipwa yote kwa mkupuo, atadai nini?

Amri Athumani, yaani King Majuto, alichekesha nchi nzima kwa miaka mingi. Alipougua mwaka 2018, mikataba yake ya matangazo ikawa gumzo, hadi waziri wa sanaa wa wakati huo, Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Majuto alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti mwaka huo huo. Kenya nako, Mzee Ojwang' wa kipindi cha vichekesho cha Vitimbi ilibidi achangiwe na watazamaji wake ili atibiwe macho. Alifariki Julai 2015.

"Hollywood mambo safi." Mwaka 2023 waigizaji wa huko waligoma siku 118, na malipo ya kazi zinazorudiwa mtandaoni yalikuwa mojawapo ya madai yao.

"Kuigiza ni kujifanya tu, hata mimi naweza."

Karibu. Nimewahi kushika maiki, ile ya fimbo ndefu, kwenye sini ya msiba katika nyumba ya kukodi Mbezi. Saa nane usiku, feni imezimwa kwa sababu inaingia kwenye sauti, madirisha yamefungwa, taa zinachoma. Dada mmoja alitakiwa kumlilia mumewe. Alilia vizuri sana, bodaboda ikapita. Akalia tena, mbwa wa jirani akaitikia. Mara ya tano jenereta ikazima katikati ya kwikwi. Mara ya saba machozi yalikuwa yamekauka, akapakwa dawa ya mafua chini ya macho, akaendelea. Gauni lilikuwa lake, wigi la kuazima. Dairekta akasema, "Safi, sasa turudie kwa karibu." Mimi mikono inatetemeka kwa fimbo tu, yeye alikuwa anamzika mume kwa mara ya nane.

"Anayecheza mchawi, naye ana uchawi kidogo." Hii ningeicheka, ila nimemwona mama wa makamo, mswalihina, akinyimwa nyanya gengeni kwa sababu ya kibuyu alichoshika kwenye tamthilia.

"Mastaa wanaringa, hawapandi daladala."

Wangependa kupanda. Akipanda, utasikia nyuma, "Kumbe kafulia," na kabla hajashuka picha yake iko Instagram. Kwa hiyo anakodi gari kwa hela ya kula, ananunua miwani, analipia saluni. Hapo ndipo na kiki zinapozaliwa: asiposikika miezi miwili, simu haiiti, basi anazusha ndoa au ugomvi. Siwatetei wanaodanganya, lakini mnaowalaumu ndio mnaobofya.

Yule dada wa Mbezi alilipwa alfajiri, akahesabu mara mbili, akaniuliza kama nina chenji ya elfu kumi. Tulitoka pamoja hadi kituoni. Konda akamtambua, akapiga kelele, "Staa wetu huyo! Dada, tulilie kidogo basi!" Abiria wakacheka, simu zikatoka. Akatabasamu, akavaa miwani ilhali jua halijachomoza, akaita bodaboda.