Uhandisi wa umeme: dhana potofu ninazozisikia kila msimu wa kuomba vyuo

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, ofisi yetu ya uhandisi wa umeme hapa Unga Limited, Arusha, hugeuka kituo cha ushauri. Wazazi wanakuja kutoka Usa River, Ngaramtoni, wengine Moshi kabisa, kila mmoja na kijana wake wa PCM (fizikia, kemia na hisabati). Swali ni moja: "Injinia, tumpeleke chuo gani?" Tatizo ni kwamba wengi wanafika na jibu tayari.

"Akipata chuo chenye jina, imetosha."

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu mzazi huisema kwa nia njema na kijana huilipia kwa miaka minne. Mwanao hatasoma jina la chuo, atasoma programu. Chukua Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: uhandisi wa umeme uko Mlimani, kwenye Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia, ila elektroniki na mawasiliano ya simu ziko Kijitonyama, kwenye ndaki ya TEHAMA. Chuo ni kimoja, lakini shahada ni tofauti na kazi ni tofauti. Kijana anayetamani kufanya kazi kituo cha kupozea umeme cha Lemugur, kwenye laini ya kilovolti 400 inayotoka Singida kupitia Namanga hadi Kenya, anahitaji mashine za umeme, mifumo ya nguvu, volteji kubwa na rilei za ulinzi, yaani vifaa vinavyokata umeme hitilafu ikitokea. Ya nini ajikute mwaka wa tatu anapiga hesabu za antena, eti kwa sababu nyumbani walitaka tu aingie "chuo kikubwa"?

Halafu kuna karakana, ambayo hakuna mzazi anayeiuliza. Vijana wa mafunzo kwa vitendo wakija kwetu, nawapeleka moja kwa moja kwenye paneli ya pampu ya shamba la maua: sta-delta, yaani mota inawashwa kwa muunganisho wa sta kisha inahamia delta, kwa kontakta tatu (swichi zinazovutwa kwa umeme) na taima. Nauliza kwa nini kontakta ya sta na ya delta zimefungwa zisivute pamoja. Aliyewahi kuifunga saketi hiyo kwa mikono yake anaonyesha kwa kidole: sta inaunganisha ncha tatu za mota mahali pamoja, delta inazipelekea fezi, kwa hiyo zikivuta zote mbili fezi tatu zimegusana na ni shoti hapo hapo. Aliyeisoma kwenye slaidi ananiambia kwamba sta inapunguza mkondo wa kuwashia hadi theluthi moja. Ni kweli, lakini nikimwambia anionyeshe waya unaozizuia zisivute pamoja, anaduwaa. Nimewapokea wa aina zote mbili kutoka vyuo vya majina makubwa, na wa aina zote mbili kutoka vyuo visivyosikika. Jina halijawahi kuniambia nani ni nani.

Kwa hiyo nasisitiza, na nitaendelea kusisitiza: kabla ya kujaza chaguo la kwanza, nendeni mkaione karakana. Iwe siku ya kazi, si siku ya maonyesho. Mkuu wa idara atawaeleza mazuri tu. Mtafuteni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mumuulize mara ya mwisho amefunga mota lini, na walikuwa wangapi meza moja. Wakiwa kumi na tano, mmoja anafunga na wengine wananakili majibu yake. Kama Dar au Mbeya ni mbali, tafuteni mtu anayesoma huko, mpigieni simu. Ombeni na mtaala, muone mafunzo ya viwandani yamepangwa vipi.

Kisha hakikini sehemu mbili: TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), kama programu ina ithibati, na ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi), kama inaitambua kwa usajili wa wahandisi. Watu wanaishia TCU. Zipo shahada zenye neno elektroniki ambazo ni za sayansi. Ni nzuri tu kwa anayeitaka sayansi, lakini siyo njia ya kusajiliwa mhandisi.

"Si kuna Nelson Mandela hapo Tengeru?" Kipo, na ni chuo cha kujivunia, lakini kinatoa uzamili na uzamivu. Shahada ya kwanza hakina.

"Diploma ni ya waliofeli." Hapana jamani! Chuo cha Ufundi Arusha kipo tangu 1978, na kule Kikuletwa kina kituo cha mafunzo ya umeme wa maji. Kijana wa kidato cha nne mwenye fizikia na hisabati nzuri anasoma diploma miaka mitatu, na akitoka na GPA (wastani wa ufaulu) ya 3.0 au zaidi anaweza kuomba shahada. Hawa ndio ninaowaamini mapema kwenye paneli. Hisabati za mwaka wa kwanza chuo kikuu ndizo huwabana, kwa hiyo wazipitie kabla hawajaripoti.

"Elektroniki haina ajira, umeme ndio wenye ajira." Mitambo tisa ya Bwawa la Nyerere, kila mmoja MW 235, inaongozwa na kulindwa kwa vifaa vya elektroniki. Anayevielewa hakosi kazi eti kwa sababu hakuna kiwanda cha redio.

"Akihitimu tayari ni Injinia." Akihitimu anasajiliwa ERB kama mhandisi mhitimu, kisha anafanya kazi chini ya wahandisi waliokomaa; SEAP, mpango wa ERB wa mafunzo hayo kazini, ni wa miaka mitatu. Kufunga umeme kwenye nyumba za watu ni habari nyingine kabisa: hapo inatakiwa leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na cheti cha shahada hakishiki nafasi yake. Ukifunga nyumba Njiro kisha mwenye nyumba akapeleka maombi TANESCO, watauliza mkandarasi mwenye leseni ni nani, sio umesoma wapi.