Nini maana ya kubana matumizi katika michezo ya kuwatoroka mazombi

Katika michezo ya video ya kuwatoroka mazombi, kubana matumizi ni mbinu ya kunusurika ambayo kwayo mchezaji hukataa kumaliza risasi, dawa na nafasi za mzigo kwa adui asiyelazimika kumuua, ili vimfae atakapokutana na yule aliyeziba njia kabisa. Wapo wanaoiona kuwa ni woga, lakini ni hesabu: kabla ya kufyatua, mchezaji hujiuliza kama atapita tena mahali hapo, atapita mara ngapi, na kama njia ina upana wa kumkwepa zombi bila kung'atwa.

Mchezo ulioieneza mbinu hii ni Resident Evil, uliotolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwaka 1996 kwa ajili ya mashine ya michezo ya PlayStation, chini ya uongozi wa Shinji Mikami. Askari wa kikosi maalumu wamekimbilia ndani ya jumba la kifahari msituni, na kwa kuwa milango mingi imefungwa na funguo zake zimetawanyika kila pembe, mchezaji hana budi kuzirudia korido zilezile. Kati ya wahusika wawili ambao mchezaji huchagua mmoja, Chris Redfield hubeba vitu 6 tu, na Jill Valentine 8. Bastola huchukua nafasi yake, risasi za akiba nafasi yake, jani la dawa vilevile, kiasi kwamba aliyejihami kwa kila silaha hufika mbele ya ufunguo alioutafuta kwa nusu saa akakosa pa kuutia. Hata kuhifadhi mchezo kuna gharama, kwani taipureta inayotumika kuhifadhia haifanyi kazi bila utepe wa wino, na tepe zenyewe ni za kuhesabu.

Tuchukue korido moja nyembamba yenye zombi mmoja, ambaye haanguki mpaka ale risasi kadhaa za bastola. Ikiwa korido hiyo inaelekea kwenye chumba chenye sanduku la kuwekea vitu, mchezaji ataipita pengine mara kumi, na risasi hizo zitakuwa zimelipa. Ikiwa inaishia kwenye stoo ambayo hatairudia, ni hasara tupu. Hapo humsogelea zombi ili amvute upande wa ukuta mmoja, hurudi nyuma hatua mbili, humwacha arushe mikono hewani, kisha hupita mbio upande wa pili. Anayeharakisha kabla mikono haijarushwa ndiye hushikwa.

Mwaka 2002 Capcom waliutengeneza upya mchezo huo kwa ajili ya GameCube ya Nintendo, wakaivuruga hesabu hiyo kwa namna ambayo kwangu ndiyo inayoieleza dhana hii vizuri kuliko zote. Zombi aliyeuawa, asipochomwa moto wala kupasuliwa kichwa, huinuka baadaye akiwa na kucha ndefu na mbio zisizokuwapo mwanzo. Kumchoma kunahitaji mafuta ya taa, yanayobebwa katika chupa ndogo inayotosha maiti wawili tu, na Jill hulazimika kubeba pia kiberiti cha gesi, yaani nafasi mbili kati ya 8 zimekwenda. Kuua kukawa ni kukopa.

Kinachobanwa si risasi kila mara. Katika Left 4 Dead ya mwaka 2008, ambamo watu 4 hutoroka pamoja, risasi ipigayo gari lenye king'ora huliita kundi zima la mazombi. Katika Project Zomboid nako, mlio wa bunduki huwavuta walio mbali, kwa hiyo kitu cha kutunzwa zaidi ni ukimya.

Mbinu hii ina kasoro yake, nayo ni kubana kupita kiasi: mchezaji hufa akiwa na majani matatu ya dawa mfukoni, kwa kuwa aliona jeraha halijawa kubwa vya kutosha. Wengine, nami nikiwamo, hufika na shehena ya risasi kwenye uwanja wa helikopta, ambako wanapambana na Tyrant, dubwana la mwisho la ule mchezo wa 1996, na huko hukuta kwamba silaha ya kummalizia, mzinga wa roketi, hudondoshwa bure na rubani.