Kuacha Sigara na Kuuandaa Mwili kabla ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Maswali na Majibu

Mtu anayesubiri upasuaji wa kupunguza uzito hupewa maagizo mengi kwa mkupuo mmoja: apime damu, abadili mlo, atembee kila siku, aache tumbaku. Kwa mvutaji, agizo hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, na ndilo linalopaswa kuanza mapema kuliko yote, kwa kuwa mwili huhitaji wiki nyingi kujirekebisha baada ya sigara ya mwisho, na hakuna dawa inayoweza kuzifidia wiki hizo siku ya upasuaji.

Upasuaji unafanywa tumboni, nao moshi huingia mapafuni. Kwa nini daktari anasisitiza niache sigara?

Kwa sababu daktari akishamaliza kazi yake, kazi ya mwili ndiyo kwanza inaanza. Katika aina mojawapo ya upasuaji huu, takriban asilimia 80 ya tumbo la chakula huondolewa, na kinachobaki ni mfuko mwembamba uliofungwa kwa pini kutoka juu hadi chini. Katika aina nyingine, kifuko kidogo cha sehemu ya juu ya tumbo huunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Mishono hiyo yote lazima ipone, na ili ipone inahitaji damu yenye oksijeni ya kutosha. Nikotini huibana mishipa midogo, hivyo damu inayoufikia mshono hupungua. Gesi ya kaboni monoksidi iliyomo katika moshi nayo hung'ang'ania himoglobini, yaani kibeba oksijeni cha damu, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo hata hiyo damu kidogo inayofika huwa na oksijeni pungufu.

Mshono usipopona vizuri, majimaji ya tumbo yanaweza kuvujia ndani ya fumbatio, na mgonjwa akalazimika kurudishwa haraka katika chumba cha upasuaji akiwa na maambukizi makali. Zaidi ya hayo, unene peke yake huongeza uwezekano wa damu kuganda katika mishipa ya miguu na donge kusafiri hadi mapafuni, na sigara huuzidisha uwezekano huo. Mapafu ya mvutaji yana makohozi mengi, na vinyweleo vinavyoyasukuma nje vimedhoofika, ndiyo maana nimonia baada ya dawa ya usingizi humpata mvutaji kwa urahisi zaidi.

Niache muda gani kabla ya upasuaji?

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2020 kwamba wavutaji wanaoacha takriban wiki 4 au zaidi kabla ya upasuaji wowote hupata matatizo machache zaidi, na kwamba kila wiki ya ziada bila tumbaku huongeza nafuu. Kwa upasuaji wa kupunguza uzito, miongozo ya wataalamu wa Marekani inataka angalau wiki 6, na inapendekeza mwaka mzima pale inapowezekana. Ushauri wangu ni kwamba usisubiri kupangiwa tarehe. Mgonjwa anayeacha siku ile ile anayoanza kuzungumza na daktari kuhusu upasuaji huwa amekwisha kuvuka siku ngumu kabla ya masharti ya mlo kuanza. Anayesubiri hadi mwishoni hujikuta akipambana na njaa na kiu ya sigara katika wiki moja.

Wapo wanaoamini kwamba kuacha siku chache tu kabla ya upasuaji ni hatari kuliko kuendelea kuvuta, kwa hofu kwamba makohozi yataongezeka. Tafiti zilizokusanywa na kuchambuliwa pamoja baadaye hazikuthibitisha hofu hiyo. Kaboni monoksidi hupungua sana katika damu ndani ya siku moja, kwa hiyo hata aliyechelewa anapata faida.

Je, shisha, ugoro au sigara za kielektroniki zinaruhusiwa?

Hapana. Moshi wa shisha una kaboni monoksidi nyingi, na kupita kwake majini hakuiondoi. Ugoro na tumbaku ya kutafuna havina moshi, lakini vina nikotini inayobana mishipa. Vivyo hivyo kwa sigara za kielektroniki zenye nikotini.

Naweza kutumia dawa za kunisaidia kuacha?

Ndiyo, na ni busara kuzitumia, kwa sababu utegemezi wa nikotini ni ugonjwa unaotibika, na kujikaza peke yake huwashinda wengi. Zipo bidhaa zenye nikotini ya kipimo, kama vile viraka vya kubandika kwenye ngozi na ubani wa kutafuna. Vipo pia vidonge visivyo na nikotini: vareniklini, ambayo kwa kawaida huanza kunywewa wiki moja kabla ya siku ya kuacha, na bupropioni, ambayo haifai kwa mtu aliyewahi kupata kifafa au degedege. Dawa hizi hufanya kazi vizuri zaidi zikiambatana na unasihi.

Jambo moja linahitaji uangalifu. Vituo vingi hupima kotinini, kemikali inayobaki mwilini baada ya nikotini kuvunjwavunjwa, na kipimo hicho hakitofautishi kiraka na sigara. Vipo vituo vinavyokubali viraka hadi siku za mwisho na vipo visivyotaka nikotini ya aina yoyote, kwa hiyo uliza mapema na uwataarifu kila unachotumia. Hata kituo kinachokubali viraka kinaweza kupima kaboni monoksidi katika pumzi, kipimo kinachoonyesha kama moshi umevutwa karibuni.

Nikiacha sigara nitanenepa. Je, hilo halitaharibu mpango mzima?

Swali hili ni la haki, na anayeliuliza hapaswi kujibiwa kwa kubezwa. Ni kweli kwamba nikotini hupunguza hamu ya kula na huongeza kidogo nishati ambayo mwili hutumia, na kwamba wanaoacha huongezeka kwa wastani wa kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza. Hata hivyo, kilo hizo ni chache zikilinganishwa na zile ambazo upasuaji unakusudia kuondoa, ilhali mshono uliovuja unaweza kugharimu maisha. Mweleze mtaalamu wa lishe tangu mwanzo kwamba unaacha sigara, ili apange mlo wenye protini na mboga za kutosha, na saa za kula zinazojulikana.

Ile hali ambayo wavutaji wengi huiita arosto, yaani hasira za haraka, usingizi wa mang'amung'amu na mawazo yasiyotulia, huwa kali zaidi katika siku 3 za mwanzo na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki 2 hadi 4. Wimbi moja la kiu ya sigara hudumu dakika chache. Kunywa maji, kutembea au kubadili chumba hutosha mara nyingi kulipitisha. Punguza pia kahawa. Moshi wa sigara huliharakisha ini kuvunja kafeini, na ukiacha, kikombe kile kile ulichozoea kitakaa mwilini muda mrefu zaidi, na mapigo ya moyo na kukosa usingizi utavihesabu kuwa arosto kumbe ni kahawa.

Mbali na sigara, mwili unaandaliwaje?

Kutembea ndiyo njia salama ya kuanzia kwa watu wengi. Anza na dakika 10 kama pumzi inakubana, kisha ongeza taratibu hadi dakika 30 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Anayeumwa magoti anaweza kufanya mazoezi ya mikono akiwa ameketi, au kutembea ndani ya maji. Mazoezi ya kuvuta pumzi ndefu, kuishikilia kidogo na kuitoa polepole huyaandaa mapafu, na utayahitaji tena utakapoamka baada ya upasuaji. Kama unakoroma sana na kusinzia mchana, sema, kwa kuwa kukatika kwa pumzi usingizini ni hatari kwa mtu anayepewa dawa ya usingizi na hutibiwa kabla ya upasuaji.

Damu itapimwa kutafuta upungufu wa madini ya chuma, vitamini D na vitamini B12, kwa sababu mtu anaweza kuwa mnene na bado akakosa virutubisho, na upungufu huo ni rahisi kuurekebisha kabla kuliko baada.

Kwa nini napewa mlo mkali wiki za mwisho, ilhali upasuaji wenyewe ndio utakaonipunguza?

Mlo huo ni kwa ajili ya ini. Kipande cha kushoto cha ini hulala juu ya tumbo la chakula, na daktari anayefanya kazi kupitia matundu madogo lazima akiinue ili aone. Ini lililojaa mafuta huwa kubwa na huchanika upesi. Wiki 2 hadi 4 za mlo wa takriban kalori 800 hadi 1,200 kwa siku, wenye wanga kidogo, hulifanya litumie akiba yake ya sukari, maji na mafuta, likasinyaa. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari asianze mlo huu kabla dozi haijarekebishwa na daktari, kwani sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Baada ya kupona, nikivuta sigara moja moja kuna ubaya gani?

Kwa waliounganishwa tumbo na utumbo, sigara ni miongoni mwa visababishi vikuu vya vidonda mahali hapo palipounganishwa. Kidonda hicho huuma, huweza kuvuja damu au kutoboka, na hakiponi vizuri mtu akiendelea kuvuta. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki huleta hatari ya namna hiyo hiyo.

Nimevuta wiki mbili kabla ya tarehe yangu. Nifiche?

Usifiche, tafadhali. Daktari wa usingizi anapanga dozi na hewa yako kwa kutegemea ukweli unaompa, na daktari wa upasuaji akijua anaweza kusogeza tarehe wiki chache badala ya kukushona ukiwa katika hatari. Kuahirishwa huumiza, hasa kwa aliyesubiri muda mrefu, lakini hakukufuti katika orodha. Piga simu kliniki leo, eleza ulivuta lini na kiasi gani, na uombe dawa ya kukusaidia kama hukuwa nayo mara ya kwanza.