Tiba ya homoni baada ya hedhi kukoma: FSH kubaki juu si dalili ya dawa feki

Siku hizi kliniki yetu hapa Tanga inapokea malalamiko ya aina moja. Mama anatumia vidonge vya homoni, anakwenda mwenyewe maabara ya mtaani kupima, anaambiwa homoni iitwayo FSH bado iko juu, basi anaamini ameuziwa dawa feki. Mmoja alifungua pindo la kanga, akatoa karatasi za maabara tatu tofauti, akazipanga mezani: "Daktari, mbona haishuki?"

Imeshuka. Ila haijafika alikotaka yeye, wala haitafika. FSH hutoka tezi ya pituitari, chini ya ubongo, kuamsha ovari. Hedhi ikikoma, estrojeni, homoni ya kike itokayo kwenye ovari, hupungua na tezi hiyo huongeza FSH na mwenzake LH. Vidonge vikirudisha estrojeni, hizo mbili hupungua kiasi. Lakini ovari ilikuwa ikitoa pia inhibini, inayoizuia FSH, na inhibini haimo kwenye vidonge hivyo. Kwa hiyo sisi hatufuati namba. Tunauliza: joto la ghafla usiku limepungua? Unalala? Ukavu ukeni je?

Namna ya kutumia dawa nayo hubadili majibu. Estrojeni ya kumeza hupitia ini kwanza, sehemu kubwa inageuzwa kuwa estroni, aina dhaifu ya estrojeni, na ini huongeza protini ya SHBG inayoshika testosteroni, hivyo testosteroni iliyo huru hupungua. Kibandiko au jeli ya ngozi hailigusi ini kiasi hicho, na hatari ya damu kuganda huwa ndogo kuliko kwa vidonge.

Mwenye mfuko wa uzazi lazima apewe na projestojeni, homoni inayoulinda mfuko huo, estrojeni peke yake isije ikamletea saratani ya ukuta wa mfuko huo. Na jamani, damu ikitoka si ujana uliorudi! Ratiba nyingine huleta damu kila mwezi kwa sababu ya dawa tu, yai halipo. Kwa dawa ya kila siku bila kupumzika, matone ya miezi 3 hadi 6 ya mwanzo huweza kutokea. Yakizidi hapo, au ukitokwa na damu hali hutumii dawa yoyote na hedhi ilikoma mwaka mzima, njoo upimwe haraka, usimsubiri somo akupe tafsiri.

Hofu ya saratani ya matiti iliyoenea tangu utafiti wa Marekani wa 2002 ina msingi, ila wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63, wakubwa kuliko wengi wanaoanza dawa hizi. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda aseme mapema.

Dawa hizi ni za cheti. Cheti kiwe na jina lako, umri, dozi, muda wa kutumia, tarehe, jina na sahihi ya daktari. Nenda famasi yenye mfamasia, usikubali kubadilishiwa vidonge vya uzazi wa mpango. Dozi yake ni kubwa mno kwako. Angalia boksi halijafunguliwa, soma namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, dai risiti. Kuuza dawa isiyosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba nchini, ni kosa chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura 219; dawa huweza kutaifishwa na muuzaji kufikishwa mahakamani.

Ukija kliniki, leta boksi, karatasi zako zote na tarehe ya hedhi ya mwisho. Hata "kabla ya Mfungo wa mwaka juzi" inatusaidia.